Sura ya Tano: Mwani Badala ya Rambo

Tarehe 28 Aprili 2019, kwenye maili ya 23 ya mbio za marathoni za London, wakimbiaji walipewa kinywaji ndani ya kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona. Kilikuwa kipira laini cha kutosha kinywani, kimejaa Lucozade. Unakitia mdomoni, unakipasua kwa meno, unakunywa. Ganda lenyewe ukitaka unalimeza, hutaki unalitema barabarani. Siku hiyo viligawiwa zaidi ya vipira 30,000. Ganda lilikuwa la mwani.

Waliokibuni ni Rodrigo García González, Mhispania, na Pierre Paslier, Mfaransa, waliokutana London wakisoma kozi ya ubunifu inayoendeshwa kwa pamoja na Imperial College na Royal College of Art. Paslier alikuwa amekwisha kufanya kazi ya vifungashio katika kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, kwa hiyo plastiki aliijua kwa undani kabla ya kuikimbia. Kipira chao walikiita Ooho. Kampuni yao, ambayo sasa inaitwa Notpla, ilishinda Tuzo ya Earthshot mwaka 2022 na kupewa pauni milioni moja.

Nimeanza na kipira hicho kwa sababu magazeti yanakipenda, na kwa sababu nataka tukimalize mapema. Hakitaondoa chupa ya maji duniani. Ganda lake hukauka na kunywea baada ya siku chache, halivumilii kurundikwa kwenye lori la kwenda Dodoma, na kwa kuwa linaliwa, nalo lazima lihifadhiwe safi ndani ya kitu kingine. Kifungashio kinachohitaji kifungashio! Kwenye mbio kinafaa sana: kinatengenezwa leo, kinanywewa kesho, na anayekipokea ana haraka. Kipeleke dukani, kinageuka kitu cha maonyesho.

Lakini kampuni hiyohiyo ina kazi nyingine isiyopigwa picha sana: kupaka mwani ndani ya maboksi ya chakula cha kubeba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi, na ili kuelewa kwa nini, inabidi tuingie kwanza jikoni.

Ute unaogeuka ngozi

Mwani wa kahawia, ule mkubwa wa bahari za baridi, una ute ndani ya kuta za seli zake unaoitwa alijineti. E. C. C. Stanford, mkemia aliyefanya kazi Uskochi, aliutenga na kuukatia hataza mwaka 1881, wakati akitafuta matumizi mapya ya mwani ambao watu wa pwani ile walikuwa wakiuchoma ili kupata iodini kwenye majivu yake. Tangu hapo alijineti imeingia kila mahali bila kujitangaza: kwenye aiskrimu, kwenye rangi za kuchapia vitambaa, kwenye bandeji za vidonda. Kama umewahi kupimwa meno ya bandia, ule uji mzito aliokubana nao daktari mdomoni mpaka ukaganda, yaelekea ulikuwa wa alijineti.

Alijineti ni mnyororo mrefu uliojengwa kwa sukari. Katika unga unaouzwa, mnyororo huo umeshikwa na sodiamu, ambayo ina chaji moja tu, hivyo ukiutia majini kila mnyororo unaelea kivyake na unachopata ni ute. Ongeza kalsiamu, ambayo ina chaji mbili, nayo inaisukuma sodiamu pembeni na kushika minyororo miwili kwa mpigo. Wanakemia huchora muungano huo kama trei ya mayai: minyororo miwili yenye vishimo inakutana uso kwa uso, na katika kila kishimo imekaa kalsiamu moja.

Jambo hili unaweza kulifanya mezani nyumbani ukipata viungo viwili. Koroga kijiko kidogo cha unga wa alijineti kwenye kikombe cha maji, uache usiku kucha mpaka mapovu yatoke. Kwenye bakuli la pili yeyusha chumvi ya kalsiamu, ile inayotumika kwenye vyakula. Chota ute kwa kijiko, uuzamishe taratibu kwenye bakuli la kalsiamu. Kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi, umeota ngozi nyembamba inayong'aa, na ndani bado ni majimaji. Uache zaidi, ngozi inanenepa kuelekea ndani. Utoe, uusuuze, ubonyeze kwa kidole: unabonyea na kurudi. Mpishi Ferran Adrià aliufanya mchezo huu kuwa maarufu mwaka 2003 katika mkahawa wake wa elBulli, Uhispania, na watu wakalipa fedha nyingi kula matone yaliyofanana na mayai ya samaki. Viwanda vya soseji navyo huutumia kutengeneza ngozi ya soseji pasipo utumbo wa mnyama.

Ukitaka karatasi badala ya tone, mwaga ute kwenye sinia pana, usawazishe, uukaushe. Ukiukausha hivihivi utapata kitu kinachovunjikia mkononi. Ndiyo maana huongezwa gliserini, ambayo hujipenyeza kati ya minyororo na kuifanya iteleze. Ikipungua, utando unapasuka ukikunjwa. Ikizidi, unanata vidoleni. Kati ya kuvunjika na kunata kuna nafasi finyu, na sehemu kubwa ya ufundi wa vifungashio vya mwani imo humo.

Kuna tatizo jingine ambalo kwenye maonyesho halisemwi. Ute mwepesi wa kumwagika vizuri huwa na mwani kidogo sana. Tuseme una asilimia 2 ya mwani. Ili upate kilo moja ya utando mkavu lazima uondoe kilo 49 za maji. Jua la Zanzibar linaweza kufanya kazi hiyo bure kwa masinia machache. Kiwanda kinachotaka tani kwa siku kinalipia kuni, gesi au umeme. Plastiki haina shida hiyo. Chembe zake zinaingia kwenye mashine zikiwa kavu, zinayeyushwa, zinapulizwa kuwa mfuko, basi. Mashine za namna hiyo ziko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hakuna mwenye kiwanda atakayezitupa kwa sababu amesoma habari njema kuhusu mwani. Kampuni ya Sway ya California imelielewa hilo. Imetengeneza chembe zenye mwani ambazo zinaweza kupita kwenye mashine za plastiki zilizopo. Nadhani njia hiyo, isiyo na mvuto wa kupigwa picha, ina maana kubwa zaidi kwa viwanda vyetu kuliko vipira vya kumeza.

Boksi la chipsi

Chakula kina maadui watatu wa kukinga: maji, mafuta na hewa. Plastiki imewashinda wote watatu kwa bei ndogo, ndiyo maana imetawala. Utando wa mwani unawashinda wawili. Minyororo yake ikikauka hushikana kwa nguvu sana, kiasi kwamba oksijeni haipati pa kupenya kirahisi, na mafuta, ambayo hayapatani na maji wala na vitu vinavyopenda maji, yanaishia juu yake. Lakini sukari hizo zinapenda maji. Mvuke ukifika, zinaunywa, zinavimba, zinaachiana. Utando uliokuwa mgumu wakati wa kiangazi unalegea msimu wa masika pasipo hata kuguswa na tone la mvua. Mtu anayefungasha biskuti Unguja, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwaka mzima, asidanganywe: utando mtupu wa mwani hautazilinda.

Wengi wakifika hapa huona kasoro, na maabara nyingi zinahangaika kuiondoa kwa nta, kwa mafuta yaliyogandishwa, kwa kuchanganya na nyuzi za mimea. Mimi naona tunauliza swali kwa kuanzia mwisho. Kitu kinacholegezwa na maji ndicho hichohicho kinachoweza kuliwa na bakteria wa udongoni na baharini, kwa sababu bakteria hufanya kazi kwenye maji. Ukikizuia kabisa kisiguswe na maji, umerudi karibu na plastiki uliyoikimbia. Basi badala ya kuulazimisha mwani ufanye kila kazi ya plastiki, tuutafutie chakula chenye mafuta mengi, maji machache, na kinachokwisha kuliwa upesi.

Chakula hicho tunakijua sote. Ni chipsi.

Tazama chipsi mayai au chipsi kuku za kubeba, saa mbili usiku, popote kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Muuzaji anachota kutoka kabatini, anamimina kwenye boksi au kwenye kimfuko kinachoonyesha ndani, anatia kachumbari, anamimina tomato na pilipili, anafunga fundo. Chakula kiko moto, mafuta yanachuruzika, na mteja atakuwa amemaliza kabla ya nusu saa kupita. Akitumia karatasi tupu, mafuta yanatoboa mpaka kwenye suruali. Akitumia kimfuko cha plastiki, joto na mafuta vinakaa pamoja na plastiki ambayo pengine haikutengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto. Boksi la karatasi gumu, lile linaloonekana la kistaarabu, mara nyingi limepakwa plastiki nyembamba kwa ndani au kutiwa kemikali za flurini za kuzuia mafuta, jamii inayojulikana kwa ufupisho wa PFAS. Kemikali hizo zinasifika kwa jambo moja baya: haziozi, na zinapatikana hadi kwenye damu za watu wasiojua jina lake.

Kazi ya kuzuia mafuta kwa nusu saa ndiyo kazi ya mwani. Boksi la Notpla ni karatasi ngumu ya kawaida iliyopakwa mwani kwa ndani badala ya plastiki, na kampuni ya kupeleka vyakula majumbani ya Just Eat ilishirikiana nayo kuyapeleka maboksi hayo kwenye migahawa ya Uingereza. Nguvu ya kubeba inatoka kwenye karatasi. Mwani umepewa kazi moja tu, na hiyo unaiweza. Boksi likitupwa, mwani unaoza pamoja na karatasi yenyewe. Mchuzi wa samaki wa kupaka sitautia humo, wala urojo. Kwa mishikaki, sambusa, kachori, mihogo ya kukaanga na kuku, boksi la namna hiyo linatosha kabisa.

Sheria zetu zimepigana zaidi na mfuko wa kubebea. Rwanda ilianza mwaka 2008. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, baada ya kuwa imekwisha kufuta viroba vya pombe kali mwezi Machi 2017. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zikapotea madukani, na anayekumbuka mitaro ya Kariakoo ilivyokuwa hawezi kusema sheria ile haikufanya kazi. Lakini kilichofungasha chakula kilibaki na msamaha wake, na wafanyabiashara si wajinga: vile vifungashio laini vyepesi vikageuzwa vibebeo, Serikali ikalazimika kurudi kuvikemea. Nayo ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ambayo wengi wetu tuliipokea kwa moyo mkunjufu, mingi imetengenezwa kwa polipropilini. Hiyo ni plastiki. Tulibadilisha umbo.

Ngozi, magamba na maganda

Bahari haitoi mwani peke yake. Mwaka 2019 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sussex, Lucy Hughes, alishinda Tuzo ya kimataifa ya James Dyson kwa utando aliouita MarinaTex, uliotengenezwa kwa ngozi na magamba ya samaki yanayotupwa viwandani, na kuunganishwa kwa agari. Agari ni jeli ya mwani mwekundu. Inasemekana iligunduliwa Japani katika karne ya 17, pale mwenye nyumba ya wageni aitwaye Minoya Tarozaemon alipotupa nje mabaki ya jeli usiku wa baridi kali, akakuta siku za baadaye yamekauka kuwa kitu chepesi kinachoweza kuchemshwa upya. Maabara za hospitali zetu huitumia kila siku kuoteshea vijidudu. Hughes alieleza kwamba taka za samaki mmoja wa aina ya chewa wa Atlantiki zingeweza kutoa mifuko 1,400 ya utando wake, na kwamba utando huo unaoza kwa wiki nne hadi sita. Namsifu kwa kuanza na taka na si na dhana. Alitembelea kiwanda cha samaki, akaona kinachotupwa, akauliza kinafaa nini.

Kisha kuna maganda. Kambamti, kaa na kamba kochi wana kitini ndani ya maganda yao, kitu ambacho kwa wingi duniani kati ya vitu vya namna yake kimezidiwa na selulosi ya mimea peke yake. Henri Braconnot alikitoa kwanza kwenye uyoga huko Ufaransa mwaka 1811. Mwaka 1859 Charles Rouget akagundua kwamba kitini kikichemshwa kwenye magadi makali hubadilika na kuanza kuyeyuka katika asidi hafifu. Kitu hicho kipya, ambacho leo kinaitwa kitosani, kinayeyuka hata kwenye siki. Ukikimwaga na kukikausha unapata utando safi, tena wenye sifa ambayo plastiki haina: unazuia ukuaji wa bakteria na ukungu. Ndiyo maana kitosani inapendwa kupakwa moja kwa moja kwenye matunda ili yachelewe kuharibika.

Je, maganda ya kambamti wa Rufiji yakusanywe basi? Ngoja kwanza. Ili ufike kwenye kitosani, unayazamisha maganda kwenye asidi kuondoa chokaa, unayachemsha kwenye magadi kuondoa protini, halafu unayachemsha tena kwenye magadi makali zaidi, karibu nusu yake magadi na nusu maji. Mwisho wa siku una ndoo ya kitosani na mapipa kadhaa ya maji yanayochoma. Kiwanda kisichojua kuyasafisha maji hayo kitayaachia mkondo wa karibu, na tutakuwa tumeiokoa bahari kwa mfuko huku tukiiunguza kwa bomba. Pia wapo watu wanaodhurika wakila kambamti. Protini ikibaki kwenye utando, anayeuza chakula lazima aseme. Kitosani ni mali, lakini ni mali ya kiwanda chenye nidhamu. Mwani ni mpole zaidi.

Mwani wetu, na magunia yake

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ingawa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameutafiti mwani wa pwani yetu na kuhubiri faida zake tangu miaka ya 1970. Paje, Bwejuu na Jambiani zikawa mashamba. Wakulima wengi ni wanawake.

Kazi inafuata bamvua. Maji yanapotoka na kwenda mbali, kina mama wanashuka na vigingi, kamba na mafungu ya mbegu. Kamba inafungwa kati ya vigingi viwili, na juu yake vimekwisha kufungwa vikamba vidogo vya nailoni, taitai, kila kimoja kikishika tawi moja la mwani. Baada ya wiki kama sita matawi yamekuwa mizigo. Yanavunwa, yanabebwa yakiwa yamejaa maji, yanaanikwa. Kilo saba au nane za mwani mbichi zinakauka kuwa kilo moja. Hiyo ndiyo inayouzwa, ikiwa imeshindiliwa kwenye magunia ya salfeti, kuelekea Ufilipino, China, Ulaya na Marekani.

Aina ni mbili. Kuna spinosum, inayostahimili, na kuna kotoni, inayolipa zaidi. Spinosum inatoa jeli laini inayonyumbulika na inayokubaliana na kalsiamu. Kotoni inatoa jeli ngumu inayokubaliana na potasiamu. Jeli zote mbili ni za jamii iitwayo karajinani, na zote zinaweza kutandazwa kuwa utando wa kufungia chakula: wa kotoni una nguvu lakini unavunjika upesi, wa spinosum unavutika lakini ni dhaifu, na kuzichanganya ni jambo la akili. Bahati mbaya kotoni haipendi joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto, ilianza kunyauka na kufa, na wakulima wa maeneo mengi wakabaki na spinosum ya bei ya chini. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari aliyeanzisha umoja wa wakulima na watafiti wa mwani Zanzibar mwaka 2006, ametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuupeleka mwani kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu za mviringo, ambako maji yana ubaridi. Shida ni kwamba kina kirefu kinataka chombo na kujua kuogelea, na waliokuwa wakienda kwa miguu ni kina mama ambao wengi wao hawakufundishwa kuogelea.

Wakulima hao wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuongeza thamani. Sabuni ya mwani ya Zanzibar inauzwa hotelini, na zipo krimu, juisi na achari. Kwa nini basi si kifungashio? Kwa sababu sabuni inapikwa kwa sufuria na kukatwa kwa kisu, wakati boksi la chakula linahitaji ute wa kipimo kilekile kila siku, usio na mchanga, usio na harufu ya pwani, na karatasi ngumu ya kuupakia. Lakini tofauti hiyo isitutishe. Karajinani isiyosafishwa sana hupatikana kwa kuchemsha kotoni kwenye maji ya magadi ya potasiamu, kuisuuza, kuikausha na kuisaga. Hiyo ni kazi ya kiwanda kidogo chenye maji safi na mtu mmoja anayejua kemia. Ute wa kupaka karatasi hauhitaji kuwa mweupe wa kupendeza. Mteja wa chipsi hatalalamika kwamba boksi lake lina rangi ya mchanga. Kati ya bidhaa zote zinazoweza kutengenezwa kwa mwani, kifuniko cha karatasi ni miongoni mwa zinazosamehe zaidi.

Wakati wanasiasa wa Visiwani wanauimba uchumi wa buluu, sehemu hii ndiyo ningependa wasimame. Faida ya mwani inaanzia kwenye pipa la kuchemshia, na pipa hilo kwa sehemu kubwa liko nje ya nchi.

Hata hivyo mwani wetu nao haujajitakasa. Zile taitai za nailoni zinakatika, mawimbi yanazichukua, nyingine zinaishia ufukweni na nyingine tumboni mwa samaki. Anayetaka kuuza kifungashio cha mwani kwa jina la kuokoa bahari aanze kwa kulipia kamba isiyo ya plastiki, au angalau kulipia ile iliyokatika iokotwe.

Hesabu ndogo na maswali mawili

Dunia huvuna mwani wa kulimwa wa kiasi cha tani milioni 35 kwa mwaka ukiwa mbichi, karibu wote barani Asia. Ukikausha kwa hesabu ya wakulima wa Paje, unabaki na chini ya tani milioni tano, na mwingi tayari una wenyewe: unaliwa, au unaingia kwenye dawa ya meno na maziwa ya kopo. Plastiki inayotengenezwa kwa mwaka inazidi tani milioni 400, na zaidi ya theluthi yake ni vifungashio. Hata tungeuchukua mwani wote wa dunia na watu wa Asia wakaacha kula, pengo lisingezibika. Anayesema bahari itatuondolea plastiki hajafanya hesabu hii, au ameifanya akanyamaza.

Kwa hiyo mwani uende pale ambapo plastiki inadhuru zaidi na inatumika kwa muda mfupi zaidi: vifungashio vya chakula cha moto cha mtaani, vipakiti vya tomato na pilipili, utando wa ndani wa boksi la hoteli ya ufukweni ambayo taka zake zinapeperuka moja kwa moja hadi majini. Chupa ya mafuta ya kula na pakiti ya maziwa viachiwe vioo, mabati na utaratibu mzuri wa kukusanya na kutumia tena.

Jambo la mwisho ni maandishi. Neno «inaoza» linachapishwa siku hizi kwenye kila kitu cha kijani. Plastiki ya mahindi, ile PLA ya vikombe vinavyong'aa, inaoza vizuri kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi karibu 60. Ukiitupa kwenye maji ya bahari inakaa. Nyingine ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjike vipande vidogo, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021 kwa sababu vipande vidogo bado ni plastiki. Tanzania na Kenya tuna mitambo michache sana ya mboji ya joto kali, kwa hiyo kwetu kifungashio ambacho hakiozi kwenye udongo wa kawaida au kwenye maji ya chumvi tukihesabu kuwa hakiozi.

Nawe msomaji ukiletewa kifungashio cha kijani kwa ajili ya mgahawa wako, shule yako au harusi ya mwanao, muulize muuzaji maswali mawili: kinaoza wapi, na kwa muda gani? Asikujibu kwa nembo iliyochapishwa. Chukua kimoja, kikate nusu, nusu moja uifukie nyuma ya nyumba na nusu nyingine uitie kwenye ndoo ya maji ya bahari, urudi baada ya miezi miwili. Kama vyote bado vipo, usinunue. Jani la mgomba bado linapatikana sokoni.